Usiikate

Ijumaa, saa nne, Soko la Jiji.
Upande ule samaki, upande huu mawaridi,
na harufu mbili hizi zimeshaoana pasipo mahari.
Mimi nimezoea. Yeye anaziba pua kwa kiganja.

Anaitwa Nafuna. Harusi ni kesho, Jericho,
na shada alishalilipia wiki mbili nyuma:
mawaridi meupe ishirini na manne, jipso, majani ya feni.
Shada la kawaida. Nimefunga mamia ya hayo
na sikumbuki hata uso mmoja.

Leo amekuja na kopo la Kimbo.
"Nina vitu," anasema. "Sijui kama vinaingia."

Vitu huingia. Nimeshatia picha ya nyanya kwenye loketi,
lesi ya gauni la shangazi, lulu za plastiki
za bei ya kuaibisha. Unapitisha waya, unakaza, basi.
Lakini kopo hili ni la mtu aliyehama usiku.

Ufunguo.
Wa mlango gani?
"Wa nyumba yetu ya karibu na reli. Mlango haupo.
Nyumba haipo. Siku hizi pale ni barabara."
Naupima mkononi: kwa ua moja ni mzigo,
kwa matatu utakaa.

Kifungo cha sweta la shule,
kilichong'oka mara nne, kikashonwa mara nne,
kila mara kwa uzi wa gauni la mteja wa siku ile:
mwekundu, kijani, zambarau, na mmoja
wa dhahabu, siku mambo yalipokuwa mazuri.

Halafu beji. Mlinzi wa lango, namba 417.
Anaitoa, anairudisha, anaitoa.
"Ya baba."
Atakuja?
"Alisema atajaribu."
Tunanyamaza. Muuza pweza anapigia mtu kelele.
Namwambia, mama, shada si kabati,
wala si baraza la kuamulia kesi.
Anaitumbukiza koponi. Anafunga kifuniko.
Anakifungua.
"Itie katikati. Isionekane."

Nikaitia katikati, penye mabua,
mahali ambapo maji hufika na macho hayafiki.

Chini kabisa ya kopo, imejiviringisha kama mtoto aliyelala,
tepu ya fundi, ya njano, inchi sitini.
Kati ya ishirini na sita na thelathini na nne
tarakimu zimefutika: hapo ndipo viliposimama
viuno vya wanawake wa mtaa mzima,
hapo ndipo kidole gumba cha mamake
kilipokuwa kikibana na kuuliza,
"Unapumua lakini?"

Alizikwa Aprili. Gauni la binti
alikuwa ameshalikata, hajalishona.
Limemaliziwa na mwanafunzi wake, Kasyoka,
na bega la kushoto, anasema Nafuna, linavuta kidogo
na yeyote asithubutu kulirekebisha.

Nikaachana na utepe wa satini.
Nikashika mabua, nikaanzia sitini,
nikazungusha tepu mara saba, nikakaza.
Ikabaki inchi kumi na nane, inaning'inia
na kichwa chake cha bati.
Nikachukua mkasi. Sikufikiri.
Miaka ishirini na mbili mkono huu unakata:
mwiba, jani, bua, kilichozidi.

"Usiikate."

Ndefu, nikasema. Itakusumbua.
Akaushika ule mkia, akausoma kwa ncha ya kidole,
moja, mbili, tatu, polepole, hadi kumi na nane,
namba zote zipo, hakuna iliyofutika.
"Hapa," akasema, "ndipo alipoanzia kila mtu."

Nilimdai mia mbili ya waya.
Alinipa mia tatu, akasahau chenji,
akarudi kuchukua kopo, akasahau tena.

Kesho saa tano atapita katikati ya viti.
Mawaridi yatafanya kazi yake, yatakuwa meupe.
Na bati lile, kila hatua, litamgusa goti,
tik, kisha tik,
kama mtu aliyepiga magoti nyuma ya gauni,
pini mdomoni, anahakikisha pindo.